Sura ya Tisa: Donge Lililoziba Pipa

"Weka mkono ndani ya mfuko, Inspekta. Ngozi tupu hudanganya."

Inspekta Martha Sanga aliupokea mfuko mwembamba wa nailoni kutoka kwa Josephu Kihampa, wakala wa mizigo ya bandarini, akauvaa mkononi kama glavu. Walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa nyumba ya Josephu, Shangani, Jumanne saa mbili na nusu asubuhi. Kati yao kulikuwa na gari dogo jeupe lililong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Martha alipitisha vidole kwenye mlango wa kushoto. Viliteleza mpaka mwisho. Akazunguka upande wa kulia, akapitisha tena. Huko nailoni ilikwaruza na kutoa sauti ndogo kavu, kana kwamba chini ya rangi kulikuwa na chembe za chumvi.

"Upande mmoja kioo, upande mwingine ulimi wa paka," alisema.

"Magari yote ya mji huu ni ulimi wa paka. Pale ofisini naegesha ubavu wa kushoto ukielekea kiwanda cha korosho. Masizi ya bomba la moshi yanaganda kwenye rangi, na sabuni haiyawezi. Kuna mwanamke Likombe, anaitwa Farida, ana udongo maalumu wa kuyatoa."

"Kwa nini hukusafisha gari zima?"

"Udongo wenyewe ni adimu. Anaukadiria kama dawa ya mtoto. Nikamwambia asafishe upande uliozidi."

"Lini?"

"Ijumaa asubuhi, saa mbili. Nilikuwa nampokea mkubwa wangu kwa ndege ya saa tano." Josephu alikunja mikono kifuani. "Najua unachokihesabu. Marehemu aligongwa saa kumi na mbili, mimi nikaosha gari saa mbili. Hesabu ni nyepesi. Lakini jiulize ni nani anayeipigia debe. Si ni Farida huyohuyo? Na mliyemweka ndani ni nani wake?"

"Ni kaka yake."

"Basi."

Martha aliuvua mfuko, akaukunja, akautia mfukoni. Alipima kwa futikamba kutoka ardhini hadi katikati ya mlango wa kushoto, kwenye sentimeta tisini na saba, akapitisha kidole hapo. Hakukuwa na kitu. Aliandika "hakuna kitu" kwenye daftari, akaandika na saa.

Sentimeta tisini na saba ndicho kilikuwa kimo cha ncha ya usukani wa baiskeli ya Mzee Selemani. Mzee huyo, fundi seremala wa Mikindani, aligongwa Ijumaa alfajiri akienda kazini, kwenye barabara iendayo Mtwara mjini. Aliyemgonga hakusimama. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji aliona gari jeupe na vumbi, basi. Hakuweza kusema kama lilikuwa dogo au pikapu. Mzee alifariki kabla ya saa nne, na wenzake wakamzika siku hiyohiyo baada ya swala ya Ijumaa.

Baiskeli yake ilikuwa kwenye chumba cha vielelezo. Mwenyewe aliipaka upya kwa mabaki ya rangi ya kijani aliyopakia mlango wa madrasa, na chini ya kijani alitanguliza rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kama fundi yeyote anayeiheshimu kazi yake. Kwenye ncha ya kulia ya usukani rangi zote mbili zilikuwa zimekwanguliwa hadi chuma. Jambo hilo Martha hakumwambia mtu yeyote nje ya kituo.

Magari meupe yaliyopita barabara ile alfajiri yalikuwa mawili: hili la Josephu, lililokuwa likitoka Mikindani kwa wakwe zake, na pikapu ya Hassani, kaka wa Farida, inayobeba mihogo. Pikapu ilivunjika taa ya pembeni, upande wa kushoto. Hassani alisema ilivunjwa sokoni na mkokoteni. Alitiwa mahabusu Jumatatu saa tisa alasiri, na kufikia saa tisa ya leo, sheria ilitaka ama ashitakiwe ama aachiwe. Mkubwa wa kituo alikwisha sema: taa peke yake haitoshi, aachiwe.

Zilibaki saa sita na dakika chache.

* * *

Kibanda cha Farida cha kuoshea magari kilikuwa kando ya barabara ya vumbi huko Likombe: nguzo nne za mikoko, turubai, ndoo, na pipa la bati lililowekwa juu ya matofali ili maji yashuke yenyewe kwenye mpira. Chini ya turubai kulikuwa na gari la mwalimu mmoja, nusu likiwa na povu. Kwenye kamba ya nguo ilining'inia shati moja la kiume, la michirizi ya buluu, lililofuliwa asubuhi hiyo.

"Anatoka leo?" Farida aliuliza kabla ya salamu. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, viganja vimekunjamana kwa maji. "Nimemfulia shati. Nimempikia na samaki wa nazi."

"Habari za asubuhi, Farida."

"Nzuri, afande. Shikamoo. Anatoka?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza kuhusu udongo."

Pembeni, chini ya kipande chake cha kivuli, Bi Mariamu alikuwa akikanda unga wa chapati kwenye beseni. Ndiye mjumbe wa mtaa, na kila hati ya polisi iliyoandikwa mtaa ule ilikuwa na jina lake.

"Afande wa nchi za baridi," alisema Bi Mariamu. "Karibu uote moto. Chapati ya kwanza itaiva ukimaliza kutugombeza."

"Sijaja kugombeza, bibi. Nitakuhitaji kama shahidi."

"Ushahidi na unga, vyote vinataka mikono mikavu. Ngoja nifute."

Farida alitoa kisanduku cha plastiki kutoka kwenye mkoba uliotundikwa kwenye nguzo. Ndani mlikuwa na donge moja jipya la buluu, laini, bado kwenye karatasi yake. Alisema mhandisi mmoja wa kigeni, ambaye alikuwa akimwoshea gari, alimwachia kisanduku chenye madonge sita alipomaliza mkataba wake, akamfundisha kwa vitendo. Unaosha gari kwanza mpaka matope yaishe. Unanyunyizia maji ya sabuni ili udongo uteleze. Unaulaza kama biskuti, unaupitisha taratibu bila kukandamiza, na vyote vilivyoganda kwenye rangi vinahamia kwenye udongo. Mkono ukianza kuteleza bila sauti, pamekwisha.

"Nani mwingine ana udongo huu Mtwara?"

"Simjui."

"Mtu akichukua udongo wa kawaida, wa mfinyanzi?"

Bi Mariamu alicheka puani. Farida aliinamisha kichwa.

"Mwaka jana nilitaka kubana matumizi," alisema Farida. "Nikanunua udongo kwa mama mmoja anayefinyanga vyungu. Nilidhani udongo ni udongo. Nikaupitisha kwenye boneti ya gari la padri. Boneti ikawa kama imechakurwa na kuku."

"Padri alisamehe," alisema Bi Mariamu. "Kila akipita hapa anawasalimia kuku kwanza."

Martha aliandika. Udongo wa mfinyanzi huacha michubuko. Mlango usio na michubuko umepitishwa udongo wa Farida au haukupitishwa kitu.

"Gari la Josephu Kihampa ulilisafisha Ijumaa?"

"Ijumaa saa mbili, upande wa kushoto tu. Alikuwa na haraka, anatazama saa kila mara. Nilikwambia jana, afande. Mtu anayeosha upande mmoja ana lake jambo."

"Kulikuwa na alama?"

"Kwa jicho, weusiweusi. Kwa mkono, ukwaruzo."

"Ulitumia donge gani?"

"Nilifungua jipya kwa ajili yake."

"Na baada yake, donge hilohilo lilisafisha gari gani?"

Farida hakusita. "La kaka. Jumamosi mchana alinipitishia pikapu. Mlango wa kushoto ulikuwa na utomvu wa korosho."

Martha alisimamisha kalamu. "Uliuona huo utomvu?"

"Kwa jicho hakukuwa na kitu. Alikuwa amekwisha futa kwa petroli, hata harufu ilikuwapo. Lakini mkono ulikwama pale katikati ya mlango. Utomvu wa korosho ndivyo ulivyo, ukiufuta unajificha. Nikapitisha udongo, nikamaliza. Sikumtoza."

"Hukuniambia jana."

"Hukuuliza. Ni kaka yangu. Kila juma ananiletea pikapu."

Gari moja la mizigo lilipita, vumbi likaingia chini ya turubai, wote watatu wakangoja litulie. Martha aliona kwamba mwanamke huyu alizitaja habari za pikapu jinsi mtu anavyotaja saa, bila kuficha kitu. Aliandika: *Jumamosi, pikapu, mlango wa kushoto, donge lilelile.*

"Donge hilo liko wapi?"

"Liliniponyoka Jumamosi hiyohiyo nikiwa nalifunga. Likidondoka mchangani basi, punje moja tu ya mchanga ni msasa. Lakini si kitu cha kutupa. Haliyeyuki majini." Farida alielekeza kidevu kwenye pipa. "Jumapili pipa lilitoboka kutu. Nikaliziba."

Karibu na kitako cha pipa, kwenye bati lililoliwa na kutu, palibandikwa donge la buluu lenye ukubwa wa limau, limejaa mchanga kwa nje. Hakuna hata tone lililovuja.

Martha alilisogelea, akachuchumaa. "Ulikuwa unalikanda kila unapomaliza sehemu?"

"Mhandisi alisema nilikande. Mimi silikandi. Ukilikanda uchafu unarudi juu. Mimi nalikunja kama chapati, upande mchafu unaingia ndani, nalilaza tena, natumia upande safi. Gari moja, mkunjo mmoja."

"Kwa hiyo uchafu wa magari yote mawili umo humu ndani, na haukuchanganyika."

Farida alimtazama kwa muda. Kisha uso wake ukafunguka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Mzee aliyegongwa alikuwa na baiskeli," alisema polepole. "Baiskeli ina rangi. Kama rangi yake iligusa gari la Josephu, imo humu."

"Kama iligusa gari lolote kati ya haya mawili, imo humu."

"Basi likate, afande. Likate sasa hivi, kaka atoke."

"Kwanza tuandike."

Waliandika. Martha aliandika maelezo kwa mwandiko mkubwa uliosimama, akayasoma kwa sauti: kwamba donge lilifunguliwa Ijumaa, kwamba la kwanza kusafishwa lilikuwa gari la Josephu Kihampa, na la pili na la mwisho pikapu ya Hassani, kwamba kila gari lilipata mkunjo mmoja. Farida alitia sahihi. Bi Mariamu aliishika kalamu kama sindano na kuandika jina lake herufi moja moja, akarudi kuitilia nukta herufi i.

Ndipo Farida alipokinga ndoo chini ya pipa na kulibandua donge. Maji yakaruka kwa mstari mwembamba. Akaziba tundu kwa kidole gumba cha kushoto, na donge akampa Martha kwa mkono wa kulia.

"Kisu kitapaka rangi moja juu ya nyingine," alisema Martha. "Nataka uzi."

"Kama sabuni ya mche," alisema Bi Mariamu. Alichomoa uzi kutoka kwenye pindo la kanga yake, akaupitisha mdomoni, akaunyoosha kwa mikono miwili. Martha aliliweka donge juu ya kifuniko safi cha ndoo. Uzi ulizama taratibu, ukatokea upande wa pili, na donge likafunguka vipande viwili.

Ndani, katika buluu, kulikuwa na mistari mitatu. Wa juu ulikuwa mweusi. Wa chini ulikuwa mweusi. Wa katikati ulikuwa wa kijani, mwembamba kama unywele, na pembezoni mwake chembe nyekundu.

Martha alitoa kioo cha kukuzia, akatazama. Kijani, na chini yake nyekundu. Alitazama mara ya pili.

"Ni rangi ya baiskeli?" Farida aliuliza.

"Inafanana nayo. Mkemia wa serikali ndiye atakayesema."

"Imo katikati." Sauti ya Farida ilikuwa nyepesi. "Afande, imo katikati kabisa. Katikati ndiko mwanzo. Ukipasua kitunguu, moyo ndio uliotangulia, maganda yamefuata. La kwanza lilikuwa gari la Josephu."

"Wallahi," alisema Bi Mariamu. "Njia ya mwongo fupi. Kumbe yule bwana wa ndege ya saa tano."

Martha alikuwa akitazama ile mistari miwili myeusi, mmoja juu na mmoja chini. Magari mawili, mikunjo miwili. Mistari mitatu.

"Bi Mariamu," alisema, "niazime tonge la unga."

"La kula?"

"La kukunja. Na mkaa wa unga kidogo, na bizari ya manjano."

Bi Mariamu alikata tonge, akalilaza juu ya kibao. Martha alilipeleka mbele ya Farida, pale aliposimama na kidole kwenye pipa.

"Mkono mmoja unatosha. Fanya kama unavyofanya kwenye udongo, usibadilishe kitu. Huu mkaa ni gari la kwanza, la Ijumaa."

Farida alipaka mkaa juu ya tonge, akalikunja, upande mweusi ukaingia ndani. Akalilaza kwa kiganja mpaka likawa bapa.

"Manjano ni gari la pili, la Jumamosi."

Akapaka manjano juu ya uso mweupe. Akakunja tena. Akalilaza.

Martha alipitisha uzi.

Tonge lilifunguka. Mweusi juu, mweusi chini. Katikati, manjano.

Kikaango cha Bi Mariamu kilikuwa kimepata moto bila chapati, mafuta yakaanza kutoa moshi, naye hakugeuka.

"Kitunguu huongezewa ganda kwa nje," alisema Martha. "Hiki hukunjwa. Kila mkunjo mpya unaingia katikati, na wa zamani unagawanyika kuwili. Uliotokea mara moja tu ndio wa mwisho."

Farida alitazama tonge, kisha akatazama donge. Alichukua nusu ya tonge, akaifunua mkunjo kwa ukucha wa kidole gumba cha kulia, akaona manjano, akaifunua tena upande mmoja, akaona mkaa. Aliirudisha kama ilivyokuwa, kwa utaratibu, kama mtu anayerudisha kifuniko cha chungu cha mwenzake.

"Nirudie," alisema.

Martha alimkatia tonge jingine. Farida akarudia. Mara hii alianza na manjano, kisha mkaa. Uzi ulipopita, mkaa ulikuwa katikati.

"Alisema ni utomvu wa korosho," alisema Farida.

"Ndivyo ulivyonieleza."

"Nilimpa na chai. Alikaa pale kwenye ndoo, akawa ananihadithia bei ya mihogo." Alikaza kidole kwenye tundu. "Nikisema nilikosea siku? Nikisema pikapu ilitangulia?"

"Josephu alikuwa anampokea mtu Ijumaa ileile. Na umetia sahihi."

"Nimetia."

"Na mimi nimetia," alisema Bi Mariamu kwa sauti ya chini, na mara hii hakukuwa na mzaha ndani yake. "Mwanangu, la kuvunda halina ubani. Mzee Selemani naye ana dada."

Martha alitia nusu mbili za donge kwenye bahasha mbili, akazifunga, akaandika tarehe, saa, mahali, na majina ya walioshuhudia. Matonge ya unga aliyatia kwenye bahasha ya tatu, ingawa alijua kwamba mahakama itataka kuonyeshwa upya. Saa yake ilionyesha saa nne na nusu. Ingemtosha kufika kituoni, kuupima mlango wa pikapu kwa mfuko wa nailoni kwenye sentimeta tisini na saba, na kuandika mashitaka kabla ya saa tisa. Hakuwa na haja tena ya kumhoji mama wa maji, wala mwenye mkokoteni wa sokoni. Aliyafuta majina yao kwenye orodha ya siku.

"Nitakuita kutoa ushahidi," alisema.

"Najua."

"Unaweza kutamani kukataa kwa sababu ni ndugu yako. Utaitwa hata hivyo."

"Sitakataa. Nikikataa watasema donge si langu." Farida alikuwa bado amesimama palepale, kidole gumba kikiwa ndani ya tundu la pipa, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Gari la mwalimu lilikuwa limekaukiwa na povu, likabaki na madoa meupe.

Bi Mariamu alifinyanga tonge la unga, akaja nalo. "Toa kidole nizibe."

"Unga hautakaa, bibi. Utayeyuka."

"Utakaa mpaka umalize gari la watu."

"Hautakaa," alisema Farida, na hakukiondoa kidole.

Martha aliweka bahasha ndani ya mkoba. Alikuwa amefika kwenye ukingo wa kivuli cha turubai Farida alipoita, si kwa nguvu.

"Afande. Lile shati pale kambani. Mpelekee."

Martha aligeuka.

"Nilimfulia aje nalo nyumbani," alisema Farida. "Sasa avae mahakamani. Asisimame mbele ya watu na la mahabusu."

Martha alirudi hadi kwenye kamba, akatoa vibanio viwili, kimoja kimoja, akavirudisha kambani. Kola ya shati ilikuwa bado na unyevu. Hakulikunja. Alilitandika juu ya mkono wake, akashuka nalo barabarani kuelekea kituoni.